Mwanangu ana miaka 18 anataka pikipiki yake ya kwanza, nina milioni 2 na laki 4, nimnunulie ipi?

Shangazi shikamoo,

Mi ni mama wa watoto wanne, naishi Kalinzi huku juu, ukipanda barabara ya Manyovu. Tunalima kahawa, migomba na maharage kidogo. Mume wangu yuko Uvinza kwenye chumvi, nyumbani anakuja mara moja kwa mwezi, saa nyingine mwezi na nusu.

Mtoto wangu wa kwanza ametimiza miaka 18 mwezi wa pili. Kamaliza form four na sasa anasomea umeme Kigoma mjini, kila siku anatakiwa awe kashafika saa moja na nusu asubuhi. Kumpangishia chumba tumeshindwa, hela ya chumba na ya kula mjini hatuna, kwahiyo anashuka na haisi alfajiri na jioni anapanda nayo. Haisi unazijua Shangazi, hazina saa, zinaondoka zikijaa, mtoto anaamka saa kumi usiku na bado anafika amechelewa, ameshaandikiwa barua mbili za onyo.

Sasa hela ya kahawa imetoka na kikoba tumevunja, nina milioni 2 na laki 4 mkononi na hakuna nyingine nyuma yake. Nikasema nimnunulie pikipiki ya kwendea chuo. Ndo matatizo yalipoanzia.

Yeye hataki hizi za kawaida, anataka ile ndefu ya plastiki nyingi mbele, unaiendesha umeinama kama wanaoshindana kwenye tv. Shemeji yangu anayekaa Mwanga kamtafutia moja ya cc 250, used, wanataka milioni 2 na laki 2, anasema ni bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe anasafiri na tukichelewa wiki hii inaondoka. Kadi eti itafuata. Nilipouliza kwanini isiwe ndogo, shemeji akasema ndogo haziwezi kupanda mlima wetu, ntakuwa nimetupa hela. Baba yake nilipompigia akasema katu, mtoto akinunuliwa pikipiki yeye asimkute nyumbani, na namuelewa maana mtoto wa jirani yetu alikatwa mguu mwaka jana, aligongwa na lori pale kwenye mteremko.

Kuna kitu kingine Shangazi sijamwambia baba yake. Wiki mbili hizi nikawa naona kijana havai kaptula, hata akitoka kuoga anatoka na suruali. Juzi nikamkuta amelala, suruali imepanda, nikaona jeraha kwenye nyama ya mguu wa kulia, upande wa ndani, refu kama kidole na bado linatoa maji. Nikamwamsha, akasema kamwagikiwa na maji ya moto. Mi ninalo kovu la hivohivo mguu huohuo, nilichomwa na ekzosi ya bodaboda nikiwa natoka kliniki na mimba yake yeye. Kwahiyo najua. Anaendesha pikipiki za watu huko mjini, na mimi na baba yake tunabishana kama apande au asipande.

Nimnunulie au nisimnunulie? Na kama ni ndiyo, ipi?

Mama wa Kalinzi

* * *

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara naishia kwenye lile jeraha, kwahiyo ngoja nianzie hapohapo.

Mtoto ameshaanza kuendesha, hilo halina ubishi tena. Na anaendesha pikipiki ya mtu mwingine asiyojua breki zake zikoje, kichwa wazi, leseni hana, tena ana haraka ya kuirudisha kabla mwenyewe hajaanza kuitafuta. Sijui kama kuna namna mbaya zaidi ya kujifunza. Mimi nimeendesha pikipiki miaka 22 nikiwa bibi shamba, Kibondo, Kasulu, nikamalizia hukuhuku Kigoma vijijini, na huo mlima wenu naujua kona kwa kona. Ningekuwa wewe ningemnunulia. Ila siyo ile ya shemeji yako, na siyo wiki hii.

Hiyo ya cc 250 iache, na nitakwambia kwanini ili umwambie na shemeji kwa heshima zake. Pikipiki ya kuinama vile uzito wako wote unaulalia kwenye mikono, ukishuka mteremko ndo kabisa, na mtu anayejifunza mikono ikichoka anaikumbatia resi bila kujua. Ni nzito, kijana wa miaka 18 ikimlalia kwenye kokoto pembeni ya barabara hainyanyui peke yake. Ikianguka mara moja tu, na ya kujifunzia lazima ianguke, yale maplastiki yanapasuka na spea zake hamtazipata kwenye duka lolote la Mwanga wala Ujiji, mtaagiza Dar mkae mnasubiri huku kijana amerudi kwenye haisi. Halafu ina nguvu ambazo hazihitaji. Ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa kwa sheria. Ukiwa kwenye 40 unakula kama mita 11 kila sekunde, ukiwa kwenye 80 unakula 22, na hizo zinapita kabla hata mguu haujagusa breki, maana akili ya mtu inahitaji kama sekunde nzima kuelewa kwamba ule mbele ni mbuzi. Ukishaanza kukanyaga sasa, mwendo ukiwa mara mbili urefu wa kusimama hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Hebu mwambie kijana achore hiyo chini kwa kijiti, anasomea umeme, hesabu anazijua.

Na hiyo ya "kadi itafuata" hapana mwanangu, hata ingekuwa Boxer mpya. Pikipiki bila kadi unanunua chuma, tena kinaweza kuwa chuma cha mtu aliyeibiwa, na nyie mko njia ya mpakani. Anayeuza akupe kadi mkononi, namba ya chesisi iliyogongwa pale shingoni chini ya usukani isomeke na ifanane na ya kwenye kadi, namba ya injini hivohivo, na ukiona pamekwaruzwa au pamepakwa rangi mpya sehemu hiyo tu, aga uondoke. Muulize na jina la kwenye kadi ni la nani. Wengi wanauza pikipiki iliyopita mikono mitatu na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza, sasa mkienda TRA kubadilisha umiliki wanataka TIN ya muuzaji na yako na mkataba wa mauziano, huyo wa kwanza utampata wapi? Angalia pia kama ina deni la faini za trafiki, inaangaliwa kwa namba ya pikipiki, kijana mwenye simu ya intaneti anafanya dakika mbili.

Haya, ndogo kiasi gani. Hapa shemeji yako ana ukweli kidogo na tusimnyime. Cc 100, kwa mfano Boxer 100, ni pikipiki nzuri sana ya kujifunzia, nyepesi, inakunywa mafuta kidogo, na kama mngekuwa mnakaa Gungu au Katubuka ningekwambia nunua hiyo tukamaliza. Ila kwa mtu anayepanda Kalinzi kila jioni, siku nyingine kampakia mdogo wake na debe la mawese, injini ya 100 italia gia ya pili muda mrefu, na injini inayolia hivo kila siku inachoka mapema. Chukua 125. Boxer 125 au TVS HLX 125, yoyote utakayoipata nzima zaidi, usimsikilize mtu anayekuapia kwa jina moja. Zote mbili fundi yeyote chini ya mwembe anazijua, spea zake zipo hadi Mwandiga, kiti kiko chini kiasi kwamba miguu yote miwili inafika chini, na hilo ndo jambo la kwanza la kupima: akae, akanyage chini kwa nyayo mbili zote, siyo ncha za vidole. Akishindwa, hiyo siyo yake hata kama ni bure.

Mi mwenyewe 150 sipendi kwa wa kwanza. Inapanda mlima vizuri ndiyo, lakini ndo pikipiki ya bodaboda, kwahiyo karibu kila used utakayoonyeshwa ilikuwa kijiweni, imebeba mishikaki na magunia tangu izaliwe. Na leseni zenyewe zimegawanyika, A1 ni ya pikipiki zisizofika cc 125, juu ya hapo ni A. Hizi zinazoitwa 125 injini yake ni 124 na pointi, zimeingia kwenye A1.

Kuhusu mlima, sikiliza, maana wewe na shemeji mnauwazia kupanda na mimi nauwazia kushuka. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa natoka huko juu kuja mjini, manyunyu ya asubuhi, nikafanya walichokuwa wanafanya wote: nikaweka frii na kuzima ili nisave mafuta. Breki zikafanya kazi peke yake kona tatu nne, kona ya tano nikakanyaga nikaona mguu unazama na pikipiki haishikiki vizuri, breki zimechemka. Mkono ukakamata ya mbele kwa nguvu kwenye lami ya maji. Niliamka mtaroni, bega limetoka mahali pake, na kilichoniokoa kichwa kilikuwa helmeti iliyopasuka kuanzia sikioni hadi kisogoni. Ile helmeti niliiweka juu ya kabati miaka mingi. Kwahiyo mwambie mjukuu wangu hivi: mteremko unashuka na gia uliyopandia, ya pili au ya tatu, injini inakushika yenyewe, breki unazigusa tu na kuachia. Frii kamwe. Lita ya mafuta aliyosave haitanunua bega. Na breki ya mbele asiiogope kwa sababu ya hadithi yangu, hiyo ndo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, ila inabanwa taratibu kama unakamua embe, na aizoee uwanjani kabla hajaihitaji barabarani. Vijana wengi wa huku hawaigusi kabisa, wanategemea mguu, ndo maana wanaburuzika.

Sasa hela. Una milioni 2 na laki 4, pikipiki yenyewe isizidi milioni 1 na laki 7. Laki 7 zinazobaki nazihesabu ni sehemu ya pikipiki, usije ukaziongeza kwenye bei kwa sababu muuzaji kakukazia. Humo kuna kubadilisha kadi, bima, mafunzo na leseni, tairi ya nyuma ambayo nina hakika utakuta imekwisha, mpira wa breki, cheni, oili, na kabla ya vyote hivyo helmeti.

Helmeti mnunulie ya maana. Zile nyepesi kama bakuli la plastiki, za kuvaa trafiki akionekana, hazina kazi. Tafuta inayofunika uso na kidevu, ndani ina foma ngumu nyeupe, nyuma au kwenye mkanda ina alama kama herufi E ndani ya duara au ISI za India. Avae, afunge mkanda, halafu wewe mama yake ishike kwa mikono miwili uizungushe kushoto kulia: ngozi ya mashavu iende nayo. Ikizunguka yenyewe kichwa kimetulia ni kubwa. Used usinunue, huwezi kujua imeshagonga wapi. Mwaka 2008 tafiti nyingi za nchi mbalimbali zilijumlishwa pamoja, ikaonekana helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kitu kingine kwenye bajeti yako kinachonunua kiasi hicho. Akimpakia mdogo wake inatakiwa ya pili, sheria inataka wote wawili, na abiria ni mmoja tu. Viatu vifunike kifundo, ndala mwiko.

Siku ya kwenda kuiona, nendeni na fundi wenu, siyo fundi wa muuzaji, na nendeni asubuhi na mapema bila kumpa saa kamili. Kabla ya salamu hazijaisha weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla hamjafika, inawezekana inasumbua ikiwa baridi, mwambieni mtarudi kesho. Ikiwa ya baridi ipigwe kiki, iwake kwa moja au mbili, halafu fundi apige resi na wewe simama nyuma uangalie moshi: wa bluu bluu maana yake inakula oili, injini inakaribia kufunguliwa au imeshafunguliwa vibaya. Meno ya sproketi yakiwa yamelala kama ndoana, hayajatunzwa hayo na vingine havijatunzwa. Inueni tairi ya mbele mgeuze usukani polepole, usinatenate katikati. Simama nyuma kabisa uangalie tairi zote mbili ziko mstari mmoja, chombo kilichopinda kikanyooshwa hakirudi kuwa kama mwanzo. Kilomita za kwenye saa usiziamini, waya wake unachomolewa kwa dakika moja.

Ya mkataba nayo ikataeni, ile ya kulipa kila siku au kila wiki. Sisemi ni mbaya kwa kila mtu, lakini mtoto wa chuo akiwa na deni la kila siku ataanza kupakia abiria jioni ili alipe, gizani, amechoka, leseni ya kazi hiyo hana.

Mafunzo: aende shule ya udereva au VETA, apate leseni ya kujifunzia kwanza, halafu mtihani. Mwezi wa kwanza pikipiki isishuke mjini kabisa, aizungushe uwanja wa mpira, aondoke na asimame, aondoke na asimame, hadi aone kinyaa, baadaye barabara ya Manyovu jumapili asubuhi wakati hakuna malori. Haisi ataendelea nayo mwezi huo. Chuo nenda wewe mwenyewe na barua zile mbili za onyo, uwaeleze anatokea Kalinzi, uombe mwezi mmoja. Kadi ya pikipiki itoke kwa jina lako. Mvua za masika akiona matope mekundu yamemwagika juu ya lami pale magari ya mashamba yanapoingilia, apunguze kabla ya kufika, asikanyage breki akiwa juu yake.

Baba yake usimpigie wewe. Mpe kijana simu aongee mwenyewe, aanze na jeraha, aseme amelipataje na ni pikipiki ya nani, wewe kaa karibu ila usimsaidie maneno. Baba aliyesema katu anaogopa kuzika mtoto, na hatalegea kwa sababu ya bei au cc, atalegea akimsikia mtoto anasema ukweli unaomtia aibu. Akikataa tena, subirini aje, pikipiki za 125 hazitakwisha Kigoma. Yeye ndo aende na fundi.

Na hilo jeraha, wiki mbili na bado linatoa maji siyo dalili nzuri, mpeleke zahanati kesho asubuhi lisafishwe vizuri, kabla ya habari ya pikipiki yoyote.

Shangazi